Kripsi za mahindi za chumvi iliyopunguzwa, karanga au bisi: kipi umwekee mzee wa presha?

Baba mkwe wangu alifanya kazi reli miaka mingi, na mpaka leo saa kumi jioni ikigonga mkono wake unatafuta kitu cha kutafuna. Tunakaa Mwanga, Kigoma mjini. Zamani ilikuwa karanga za chumvi, zile za kufungwa kwenye karatasi iliyokunjwa pembe. Siku kliniki walipomwambia apunguze chumvi, karanga zikafukuzwa nyumbani kama mwizi. Haukupita muda mjukuu akashuka na treni kutoka Dar, mkononi pakiti tatu za kripsi za mahindi kutoka nje, zimeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba chumvi imepunguzwa kwa asilimia 25.

Mzee akavaa miwani, akasoma, akacheka. "Mama Neema, hizi sasa nimeruhusiwa."

Pakiti ya kwanza haikuona magharibi.

Mimi nauza keki na maandazi, kwa hiyo mizani ya jikoni ninayo na hesabu za gramu sizikimbii. Pakiti ya pili niliificha, nikaigeuza nyuma, nikaanza kulinganisha na vitu vingine tunavyotafuna hapa nyumbani. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Kwetu ukisema chipsi, mtu anawaza viazi, na akiwa na njaa anawaza na mayai. Ninachozungumzia ni vile vipande vikavu vya unga wa mahindi, vya pembetatu au vilivyojikunja, vinavyolia mdomoni. Nitaviita kripsi.

Kilichopungua ni kimoja

Kripsi za mahindi za kawaida, kwa gramu 100, zina kilokalori kama 530 hadi 540, mafuta gramu 33 hivi, wanga gramu 57, protini gramu 6 hadi 7 na nyuzinyuzi gramu 4 hadi 5. Sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayosumbua presha, huwa kati ya miligramu 500 na 630. Sasa shika ile ya chumvi iliyopunguzwa, usome mstari kwa mstari. Kalori ni zilezile. Mafuta yaleyale. Wanga uleule. Anayeshuka ni sodiamu peke yake.

Haishangazi ukifikiri. Chumvi haina kalori, na kinachotolewa ni kidogo sana kwa uzito: kupunguza robo ya sodiamu kwenye gramu 100 za kripsi ni kutoa chumvi isiyofika hata nusu gramu. Mahindi yamebaki, mafuta ya kukaangia yamebaki. Kwa hiyo mwenye shida ya uzito, au mwenye kisukari anayehesabu wanga, maandishi ya mbele ya pakiti hayajamwambia chochote kinachomhusu.

Halafu kuna hilo neno "imepunguzwa". Kwa kanuni za Marekani, na za Codex pia, ambayo ndiyo kamisheni ya kimataifa ya viwango vya chakula, neno hilo linaruhusiwa bidhaa ikiwa na sodiamu pungufu kwa angalau asilimia 25 ikilinganishwa na ndugu yake wa kawaida. Ni ulinganisho wa ndani ya ukoo. Kama ndugu alikuwa na chumvi nyingi kupita kiasi, huyu aliyepunguziwa anaweza kuwa bado ana chumvi kuliko kripsi za kawaida za kampuni nyingine. "Chumvi kidogo" ni daraja jingine: Codex inataka sodiamu isizidi miligramu 120 kwa gramu 100. Pakiti ya mjukuu ilikuwa na kama 430. Na ile isiyoongezwa chumvi kabisa inabaki na sodiamu ya mahindi yenyewe, miligramu 15 hivi kwa gramu 100, yaani karibu na hakuna. Maneno matatu yanayofanana, umbali mkubwa kati yake. Ukiwa dukani soma lipi kati ya hayo matatu limeandikwa.

Sahani ya kikombe

Nyuma ya pakiti walihesabu kwa fungu la gramu 28. Fungu moja, sodiamu miligramu 120. Ukisoma hivyo unapumua. Nikaweka kisahani cha kikombe cha chai juu ya mizani, nikamimina taratibu mpaka ikasoma 28, nikamwita mzee aje aone. Vipande thelathini na kimoja. Havikufunika hata ua lililochorwa katikati ya kisahani.

"Hiki ni cha kula au cha kuonja?" akauliza.

"Baba, hiki ndicho walichokihesabu. Wewe ulikula pakiti."

Pakiti ilikuwa ya gramu 150. Zidisha mwenyewe: sodiamu kama miligramu 640 na kilokalori zaidi ya 800, kabla ya chakula cha usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na chumvi chini ya gramu 5, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Mzee alimaliza karibu theluthi ya siku nzima jioni moja, akiwa anatafuna kitu "kilichoruhusiwa". Angekula mafungu mawili ya zile za kawaida, zenye miligramu 160 kwa fungu, angekuwa amekula nusu ya hapo. Hapo ndipo ninapowaogopa hao waandishi wa mbele ya pakiti. Wamesema kweli tupu, na kweli hiyo ikamfanya mzee ale mara tano.

Lebo nyingine huandika chumvi badala ya sodiamu. Usihangaike: sodiamu zidisha kwa mbili na nusu, unapata chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu moja ya chumvi. Kitu kingine kidogo nilichokiona nilipofika mwisho wa pakiti: chumvi ya kripsi hunyunyizwa juu, ikatikisika njiani, ikashuka. Ule unga wa chini ambao kila mtoto anaugombania, na mzee naye, ndio wenye chumvi kuliko vipande vyote vya juu. Siku hizi unakwenda kwa kuku.

Vikiwekwa pamoja

Nimepima yote kwa gramu 30, ambayo ni kiganja kimoja cha karanga, na ni bakuli zima la bisi. Tarakimu ni za kukadiria, kwa sababu kila kiwanda na kila kikaango kina yake.

| Gramu 30 za | Kilokalori | Mafuta (g) | Protini (g) | Nyuzinyuzi (g) | Sodiamu (mg) |
|---|---|---|---|---|---|
| Kripsi za mahindi, kawaida | 160 | 10 | 2 | 1.5 | 150–190 |
| Kripsi, chumvi imepunguzwa robo | 160 | 10 | 2 | 1.5 | 110–140 |
| Kripsi, bila chumvi | 165 | 10 | 2 | 1.5 | 5 |
| Karanga kavu, bila chumvi | 175 | 15 | 7 | 2.5 | 2 |
| Bisi bila mafuta wala chumvi | 115 | 1.5 | 4 | 4 | 2 |
| Bisi za mafuta | 150 | 8 | 3 | 3 | mkono wako |

Ukiangalia safu ya mwisho peke yake, mstari wa kwanza na wa pili ni majirani wa ukuta mmoja, na mistari mitatu inayofuata inaishi mtaa mwingine kabisa. Kutoka kwenye pakiti ya kawaida kwenda iliyopunguzwa unaokoa miligramu 40 au 50 kwa kiganja. Kiasi hicho unakirudisha kwa kuongeza chini ya nusu kiganja.

Kuna aina ya kripsi zinazotokana na mkate mwembamba wa mahindi wa Kimeksiko. Unga wake unatoka kwenye mahindi yaliyochemshwa na chokaa, kisha mkate unaokwa kwanza na kukatwa pembetatu kabla ya kukaangwa. Kwa kuwa umeshapoteza maji kwenye kuoka, hunywa mafuta machache zaidi: gramu 23 hadi 26 kwa 100 badala ya 33. Nazo zipo zisizo na chumvi. Kama ni lazima mtu wako ale kripsi, aina hiyo, isiyo na chumvi, ndiyo ningemtumia mtu wa Dar aniletee. Zenye rangi ya jibini na pilipili ziache. Chumvi yake mara nyingi huwa juu zaidi, na ule unga wa ladha, glutamati, nao una sodiamu ndani yake.

Karanga zilisingiziwa

Nilimwomba mzee msamaha kwa niaba ya nyumba nzima, maana mkosaji alikuwa maji ya chumvi walimozilowesha kabla ya kukaanga. Karanga yenyewe haina sodiamu ya kuzungumzia. Ina protini zaidi ya mara tatu ya kripsi, ina potasiamu, ambayo mwili huitumia kutoa sodiamu kwenye mkojo, na mafuta yake mengi si yale ya kuganda.

Kwenye mafuta niseme kidogo. Kripsi za viwandani nyingi hukaangwa kwa mafuta ya mawese yaliyosafishwa, na nusu ya mafuta ya mawese ni ya kuganda. Mimi ni mtu wa Kigoma, maharage bila mawese kwangu ni maharage ya mgonjwa, kwa hiyo sitayatukana. Lakini mawese yetu mekundu yana kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Yakishasafishwa yakawa meupe, hicho kinaondoka, na mafuta ya kuganda yanabaki vilevile.

Udhaifu wa karanga ni kalori. Tazama jedwali: zinazidi kripsi. Anayepunguza tumbo asijifariji kwamba ni chakula cha asili. Kiganja kimoja, funga kopo. Na kuna sumukuvu, ambayo hukaa kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kukaanga hakuimalizi. Ndiyo maana sinunui tena karanga zilizokaangwa ambazo sijui zilianzaje. Nachukua mbichi sokoni, nyingine hutoka Tabora, namwaga kwenye ungo na kuchambua iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika. Kisha kikaango kikavu, moto wa mkaa uliokaribia kufa, mwiko haupumziki. Zikianza kupasuka ngozi na harufu kutoka nje mpaka jirani aulize, naepua. Zitaendelea kuiva zenyewe nje ya moto.

Bisi na mtego wake

Kwa tarakimu, bisi ndizo zinazoshinda. Kalori chache, nyuzinyuzi karibu mara tatu ya kripsi, na zinajaza bakuli hivyo macho yanashiba kabla ya mdomo. Ni mahindi hayohayo, ila punje nzima na ganda lake.

Mtego uko kwenye kunyunyiza. Bisi kavu hazishiki chumvi. Unanyunyiza, inadondoka chini ya bakuli, unaonja, hakuna kitu, unanyunyiza tena. Robo ya kijiko cha chai cha chumvi ina sodiamu kama miligramu 580. Ukiimaliza kwenye bakuli lako umekula zaidi ya mafungu matatu ya kripsi za kawaida, zile ulizozikimbia. Bisi za mtaani sisemi kitu, maana mwenye mkono ni muuzaji.

Mimi natia mafuta kijiko kimoja cha chai, chumvi naisaga kwenye kinu kidogo iwe kama unga, nachukua kwa ncha za vidole viwili. Chumvi laini inaenea na ulimi unaiona haraka, kwa hiyo kidogo kinatosha. Baadhi ya viwanda hutumia mbinu hiyohiyo kupunguza sodiamu bila wateja kulalamika. Tatizo letu ni meno. Mzee ana ya bandia juu, na maganda ya bisi yanajua njia ya kwenda chini yake. Jedwali halina safu ya meno.

Msimu wa mahindi mabichi ukifika, hindi la kuchoma linawapita wote. Karibu robo tatu ya punje mbichi ni maji, ndiyo maana gramu 100 zina kilokalori kama 100 tu, na sodiamu hakuna mpaka ile ndimu iliyochovywa kwenye chumvi ipite juu yake. Mwambie muuzaji ndimu na pilipili, chumvi abaki nayo. Atakushangaa mara moja tu.

Chumvi ya Uvinza na chumvi ya kubadilishia

Jirani mmoja aliniambia nisihangaike, nimtilie mzee chumvi ya Uvinza kwa kuwa inatoka ardhini, haina kemikali. Naipenda Uvinza. Watu wamechemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu, na mzee mwenyewe ana hadithi za magunia yaliyopakiwa stesheni pale. Lakini chumvi ya chemchemi, ya bahari na ya dukani, kwa presha zote ni sodiamu. Jambo la kuangalia kwenye chumvi ni madini joto. Hiyo kidogo unayobakiza ipikie nyumbani na iwe imetiwa madini joto, maana chumvi ya kwenye vitafunwa vya kiwandani mara nyingi haina.

La hatari zaidi ni lile ambalo pakiti haipigi kelele. Baadhi ya bidhaa za chumvi iliyopunguzwa, na zile chumvi mbadala za kopo, hupata ladha yake kutoka kloridi ya potasiamu. Itafute kwenye orodha ya viambato. Ukiila peke yake ina uchungu fulani nyuma ya ulimi. Kwa mtu mwenye figo nzima inaweza kumsaidia, na Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza watu wazima watumie chumvi mbadala za namna hiyo badala ya ile ya mezani. Mwongozo huo uliwaweka kando wajawazito, watoto na wenye matatizo ya figo. Figo zikichoka hazitoi potasiamu, inajaa kwenye damu, na moyo ndio unaoumia. Baadhi ya dawa za presha nazo huzuia potasiamu isitoke, spironolaktoni kwa mfano, na zile za kundi la lisinopril. Wazee wengi wa presha wanameza mojawapo. Kwa hiyo pakiti yenye kloridi ya potasiamu nenda nayo kliniki, waonyeshe pamoja na dawa zake, kabla hujaifungua.

Tukirudi mezani, kripsi zinasingiziwa pia wakati mwingine. Chumvi yake iko juu, inagusa ulimi moja kwa moja, ndiyo maana tunaiona. Ya mkate imekandwa ndani. Vipande viwili vya mkate wa dukani asubuhi vina sodiamu kama miligramu 260 hadi 300, zaidi ya mara mbili ya lile fungu la kisahani, na hakuna aliyewahi kuuita mkate chakula cha chumvi. Kidonge kimoja cha kuungia mchuzi kina karibu miligramu 900 au zaidi. Nyumbani kwetu vilikuwa vinaingia viwili kwenye sufuria ya maharage. Nilipoondoa hivyo viwili niliokoa zaidi ya ambayo ningeokoa kwa kubadilisha pakiti za kripsi mwezi mzima.

Kwa sasa mzee anapata karanga zangu siku nyingi, kiganja chake kimoja, na ana kiganja kikubwa. Bisi ni za wajukuu. Wiki iliyopita mjukuu alituma kripsi nyingine, safari hii za pembetatu, hazina chumvi kabisa. Mzee aliweka moja mdomoni, akatafuna, akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Hizi zimesahauliwa kuungwa."

Nikakatakata nyanya mbili na kitunguu, pilipili mbuzi nusu, majani ya giligilani, ndimu nzima nikaikamulia juu, chumvi nisiguse. Akachovya ya pili. Akachovya ya tatu. Bakuli la kachumbari likaisha kabla ya pakiti, na akaniambia kesho niongeze ndimu.